Chozi wa Uani Kwetu

Katika nyumba nyingi za Unguja yuko mgeni ajaye kila siku bila kubisha hodi, naye huondoka bila kuaga. Huja asubuhi jua linapopiga ukutani, akagusa ua hili na lile, akapiga mlio mwembamba, kisha haonekani tena. Mgeni huyo ni chozi. Wengi wetu tumekua naye tangu utoto, wala hatukupata kumtazama kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari zake, na pamoja nazo habari ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe nyumbani kwetu. Maana tuliyojifunza juu ya ndege huyu mengi tulijifunza kwa kumdhuru, ingawa tulitaka kumtendea mema.

Kwanza yafaa tumjue ni nani. Chozi ni ndege mdogo sana. Mkubwa wao katika hao tuwaonao mjini uzito wake ni gramu 12 hivi, na wadogo ni gramu 7 hivi. Mdomo wake ni mrefu, mwembamba, umepinda kidogo kama sindano ya kushonea magunia, na ndani yake mna ulimi mrefu wenye mfereji, ambao ncha yake imepasuka mara mbili. Kwa ulimi huo hunyonya maji matamu yaliyo ndani ya maua. Jina lake ni sawa na jina la tone litokalo jichoni, na kwa umbo lake dogo twaona linamfaa.

Kwa kawaida dume huvaa vizuri na jike huvaa kwa staha. Yule tumwonaye mara nyingi katika bustani za mjini ni mweusi, mwenye utosi na koo la kijani king'aacho, na kifua chekundu sana. Jike wake ni wa rangi ya udongo, ana mabatomabato tumboni, hata watoto hudhani ni ndege wa namna nyingine kabisa. Yuko na mwingine mdogo zaidi, mwenye mgongo wa kijani na utepe wa zambarau kifuani. Karibu na pwani, katika vichaka na mikoko, yuko chozi wa kijivu asiye na fahari yo yote. Na katika msitu wa Jozani yuko wa rangi ya zeituni. Ajabu ya rangi zile zing'aazo ni hii: hazitoki katika rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali zatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa hata ukavunja nuru na kuirudisha. Kwa hiyo dume akiwa kivulini utamwona mweusi tu. Akigeuka kidogo juani, koo lake huwaka kama kioo.

Ndugu zetu wa Pemba wanaye wa kwao peke yao. Chozi wa Pemba aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1905 na Mjerumani Anton Reichenow, naye hapatikani penginepo duniani ila katika kisiwa cha Pemba na visiwa vidogo vya kando yake. Mtu wa Pemba amwonaye kila siku juu ya mgomba wake, na ajue kwamba wako watu wanaovuka bahari kuja kumtazama ndege huyo mmoja. Na mwenye kutaka kujua zaidi, R. H. W. Pakenham, aliyekuwa mtumishi wa serikali visiwani hapa, alizikusanya habari za ndege wa Unguja na Pemba katika kitabu kilichotoka mwaka 1979.

Huko Marekani nako wako ndege wadogo wanyonyao maua, ambao wengine huwaita wavumaji kwa sababu ya mvumo wa mabawa yao. Namna zao ni zaidi ya 300, nao hawapatikani kokote ila katika mabara yale mawili ya Marekani na visiwa vyake. Mmoja wa kisiwa cha Cuba ndiye ndege mdogo kuliko wote duniani. Uzito wake hauzidi gramu 2 kwa kiasi kikubwa. Ndege hao huweza kusimama hewani mbele ya ua bila kukanyaga kitu, na hata kuruka kinyumenyume. Mtu akiwaona karibu na chozi wetu atadhani ni ndugu wa tumbo moja, kumbe sivyo. Wale ni jamaa ya ndege weusi wenye mabawa kama mundu, warukao kwa kasi jioni juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Chozi yu katika kundi kubwa la ndege waimbao, pamoja na shomoro na wengine. Kazi moja ndiyo iliyowafananisha, kama vile wavuvi wa nchi mbili zisizojuana wanavyoweza kutengeneza ndoana za umbo moja. Lakini yako haya ya kuwatenganisha: chozi aweza kusimama hewani kidogo, ila apendalo ni kutua juu ya kijiti, kushika kwa miguu, na kula kwa utulivu.

Tumeyataja haya kwa sababu ndiyo yaliyotuingiza katika kosa.

Nyumba tukaayo iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na nyuma yake pana ua mdogo ambao upande mmoja umepakana na gofu la nyumba iliyoanguka zamani. Katika gofu lile imeota migomba mitatu na mpapai. Mwaka mmoja, vuli ilipoanza, chozi jike alianza kujenga juu ya kipande cha kamba kilichobaki kikining'inia penye roshani yetu, mahali ilipokuwa ikitundikwa taa. Aliyemwona kwanza ni binti yetu wa miaka 9. Akaja mbio akatushika mkono, akasema, "Baba, njoo uone, yuko ndege anaiba utando wa buibui."

Naam, ndivyo ilivyokuwa. Jike alikuwa akichuma utando wa buibui kutoka pembe za dari, akaufunga katika kamba, kisha akaleta nyuzi za nyasi, majani makavu, na vipande vya maganda ya miti, akavifumanisha kwa utando ule. Kidogo kidogo kikatokea kitu kama mfuko mrefu unaoning'inia, wenye mlango ubavuni, na juu ya mlango pana kipande kilichotokeza mbele kama upenu wa baraza, ili mvua isiingie ndani. Ndani akatandika laini kwa manyoya na sufi. Dume hakujenga. Alikaa juu ya ncha ya jani la mgomba akiimba, na dume mwingine alipokaribia alimfukuza kwa hasira kubwa kupita mwili wake. Kiota kilipokwisha, mtu asiyejua angedhani ni takataka zilizonaswa katika kamba. Huo ndio ulinzi wake wa kwanza, kufanana na kitu kisicho na thamani.

Tukafurahi mno, na furaha yetu ikatufanya tutake kusaidia. Tulikuwa tumesoma kwamba watu wa Marekani hutundika chupa za maji ya sukari bustanini, na ndege wao huja kwa wingi wakanywa. Tukasema, Mbona sisi tusifanye hivyo? Basi tukachukua bakuli la bati, tukatia maji ya sukari bila kupima, tukaongeza asali tukidhani itamzidishia nguvu, tukatia na rangi nyekundu ya keki ili yapendeze. Tukaliweka juu ya ukuta wa roshani, hatua mbili tu kutoka kiotani. Watoto nao, kwa moyo wao mwema, wakaweka kandoni makombo ya mkate na wali uliobaki. Mama yao akatazama, akasema, "Mwalimu, una hakika ndege huyu anakula wali?" Tukamjibu kwamba kidogo kidogo atazoea.

Hakuzoea. Chozi hata mara moja hakutua penye bakuli lile, kwa kuwa halikuwa na kijiti cha kushika wala mfano wo wote wa ua. Siku ya kwanza walikuja sisimizi. Siku ya pili maji yakaanza kutoa harufu ya uchachu kwa ajili ya joto. Siku ya tatu alikuja kunguru.

Hapana haja ya kumweleza mtu wa Unguja kunguru ni nani. Lakini watoto wengi hawajui kwamba kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa visiwani kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, ili ale taka za mji. Waliomleta walikuwa na nia njema. Mji ulikuwa mchafu, wakaona ndege asiyechagua chakula atausafisha bila mshahara. Kweli alikula taka. Kisha akala vifaranga vya kuku, akala mayai ya ndege wadogo na makinda yao, akazaa, akajaa mjini na mashamba, akavuka bahari akaenea bara. Serikali mara kadha wa kadha imejaribu kumpunguza kwa mitego na kwa sumu, naye hata leo hajesha. Wazee walisema zamani kwamba kunguru hafugiki, na sisi twaongeza kwamba harudishwi alikotoka.

Kunguru yule alikula mkate, akala wali, akaenda zake. Kesho yake walikuwa wawili. Siku ya tano hapakuwa na makombo, maana mama wa nyumba alikwisha kukataza. Lakini kunguru hasahau mahali alipolishwa. Akatua juu ya ukuta, akatazama huku na huku kutafuta chakula chake, na alipotazama juu akaona kamba, na kilichokuwa katika kamba. Sisi tulikuwa chini uani tukifua. Tulisikia chozi wawili wakilia kwa mlio tusiopata kuusikia kwao, mkali, usiokatika. Tulipofika juu, kiota kilikuwa kimepasuka toka mlangoni hata chini, na ganda la yai moja lilikuwa juu ya sakafu, jeupe lenye madoadoa ya kijivu, dogo kama punje ya njugu.

Binti yetu hakulia. Aliliokota ganda lile, akauliza, "Baba, nani aliyemwonyesha kunguru njia ya kuja hapa?"

Nasi tukajibu upesi, "Mwanangu, kunguru ni mwizi tangu zamani. Hahitaji kuonyeshwa njia."

Jibu lile lilimnyamazisha mtoto, wala halikutunyamazisha sisi. Usiku, watoto walipokwisha lala, mama yao akasema kwa upole, "Kunguru hakuja kwa ajili ya kiota. Alikuja kwa ajili ya mkate. Kiota alikiona baadaye." Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Kila juma twasimama mbele ya watu wazima na watoto tukiwafundisha kusema kweli. Na mtoto wetu mwenyewe alipotuuliza jambo la kweli, tulimsingizia kunguru ili tusalimike. Asubuhi tukamwita, tukamwambia, "Jana uliuliza nani aliyemwonyesha kunguru njia. Ni mimi, baba yako. Niliweka chakula nisichokijua kwa ndege nisiyemjua." Akatutazama sana, kisha akasema, "Basi tujifunze, baba, ili mara ya pili tusimwite." Ndipo tukaanza kujifunza.

Jambo la kwanza tulilolijua ni kwamba maji matamu ya maua humpa chozi nguvu za kuruka, kama mafuta yanavyolipa gari, lakini hayamjengi mwili. Makinda yake hayawezi kukua kwa utamu peke yake. Wazazi huwaletea buibui, na viwavi, na wadudu wadogo wa namna nyingi. Kwa hiyo mtu atakaye chozi uani kwake, na asinyunyize dawa ya wadudu juu ya maua; maana auaye wadudu wote amewanyima makinda nyama yao. Hata buibui wa dari tuliokuwa tukiwafagia kila Jumamosi, kumbe ndio waliompa chozi uzi wake wa kushonea. Mama wa nyumba akakubali kuacha pembe moja ya roshani bila kufagiwa, ingawa ilimwona haya mbele ya wageni.

Jambo la pili tulijifunza mbali na nyumbani, nalo ndilo lililotustaajabisha kupita yote.

Tulikwenda na darasa la watoto mpaka Jozani, penye ile hifadhi iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka. Upande wa kusini wa msitu imejengwa njia ya mbao ipitayo juu ya mikoko, ili watu waweze kutembea bila kuzama matopeni. Pamoja nasi alikuwapo mzee mmoja wa vijiji vya huko, ambaye ujanani mwake alikuwa mkata boriti. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitika, "Marahaba, mwalimu." Kisha akasimama chini ya mti mmoja, akawauliza watoto jina lake. Wengine wakasema mkoko. Akasema, "Mikoko mnaiita yote, lakini kila mmoja ana jina lake. Huyu ni msinzi."

Akawaonyesha ua lake. Ua la msinzi halitazami juu kama maua mengine, limeinama chini. Kikombe chake ni chekundu, chenye vidole vingi. Ndani ya kikombe, kila jani dogo la ua limekunjwa, nalo limebana vishikio vya unga wa ua kama mtego uliotegwa. Upepo haufungui mtego ule. Hufunguka ndege atiapo mdomo wake kutafuta utamu: akigusa shina la jani lile, hufyatuka ghafula, na unga humrukia usoni. Ndege huondoka na unga kichwani, akaenda ua la pili na la tatu, na hivyo miti hupata kuzaa. Ndege hao ni chozi. Mzee akachukua kijiti chembamba, akagusa ua moja kwa upole kama mdomo wa ndege, na watoto wote wakaona unga ukiruka kama vumbi. Wakapiga kelele kwa furaha, kila mtoto akitaka kijiti. Mzee akakataa, akasema mengine ni ya mwenyewe.

Kisha akauliza swali jingine, "Ninyi watu wa mjini, dari za nyumba zenu zimeshikwa na nini?" Watoto wakajibu, "Boriti." Akasema, "Na boriti zatoka wapi?" Hapo wakubwa tukatazamana. Maana nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zilizowekwa mwaka 2000 katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na msinzi ni mmoja wa miti iliyokatwa kwa kazi hiyo. Upana wa vyumba vyetu wenyewe ulipimwa kwa urefu wa boriti: fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko mti uwezavyo kufika toka ukuta hata ukuta, ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Tangu kuzaliwa tumelala chini ya boriti zile tukazihesabu usiku wa homa, wala hatukujua kwamba ndege wa gramu chache ana sehemu katika kuzaa miti kama ile.

Wala si dari tu. Katika mizizi ya mikoko samaki wengi na kamba hukaa wakiwa wadogo, mpaka wapate nguvu za kwenda baharini. Na mikoko huzuia mawimbi yasile pwani. Hivyo chozi ana sehemu katika chungu cha mvuvi pia. Tuliporudi garini binti yetu akasema, "Baba, sisi tulitaka kumlisha, kumbe yeye ndiye anayetulisha." Tukaona hatuna la kuongeza.

Basi tukarudi nyumbani tukabadili mambo. Bakuli tukaliondoa. Tukapata madebe manne, tukayatoboa chini ili maji yasituame, tukatia udongo uliochanganywa na samadi. Katika mawili tukapanda mshubiri, ambao maua yake marefu chozi huyapenda sana, nao hauhitaji maji mengi. Katika la tatu tukapanda ule mti wa bustanini wenye maua makubwa mekundu na ulimi mrefu, ambao waalimu huuita haibiskasi. Katika la nne tukapanda mkomamanga mchanga tuliopewa na jirani yetu, Bibi mmoja wa nyumba ya pili, ambaye ua wake umekuwa na mkomamanga tangu siku za mama yake. Migomba ya gofuni tukaiomba kwa mwenye kiwanja isikatwe kabla ya maua kwisha. Maana ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia, ni mkahawa wa chozi mchana kutwa. Na kila atazamaye mnazi uliofungua karara atawaona hapo vilevile. Makombo yote ya chakula tukayafunika, wala hatukutupa tena kitu uani.

Hatukuona kitu kwa miezi mingi. Watoto wadogo walikata tamaa. Binti yetu hakukata. Alifanya daftari, akaandika kila asubuhi saa moja kama chozi amekuja au hakuja, na ua aliloligusa. Tunalo daftari hilo hata sasa. Kurasa nyingi zimeandikwa neno moja tu, "Hakuja." Kisha mshubiri ukatoa maua, na neno likageuka.

Vuli ya mwaka uliofuata chozi jike alijenga tena. Kama ni yule wa kwanza au mwingine hatuwezi kusema. Safari hii hakujenga rohani penye ukuta, bali katika kijiti cha mkomamanga wa jirani, ndani kabisa ya matawi, mahali kunguru asipoweza kutua. Tulitazama kwa mbali, kwa dirisha, wala hatukumruhusu mtu kwenda kuchungulia. Kwa kuwa njia ya miguu ya watu huwafundisha adui njia. Jike peke yake aliatamia kadiri ya juma mbili. Makinda yalipototoka, dume aliyekuwa mwimbaji tu akawa mzazi, akaleta buibui mdomoni, zamu kwa zamu na mwenziwe. Makinda yalikuwa mawili. Moja tulilikuta limekufa chini ya mti baada ya usiku wa mvua kubwa. La pili liliruka siku moja asubuhi, likatua juu ya kamba ya nguo ya Bibi, likakaa hapo karibu saa nzima likilalamika, na wazazi wakalilisha juu ya kamba. Bibi aliziacha nguo zake ndooni mpaka likaondoka. Katika daftari siku ile pameandikwa, "Mmoja ameruka. Nguo zimechelewa."

Ndugu, hatukusimulia haya ili tujisifu, maana mmeona tulipoanzia. Twasimulia ili wenzetu wasipitie njia ile ile. Haya machache yafuatayo yafaa kukumbukwa katika kila nyumba na kila shule.

1. Maua ni bora kuliko sukari. Asiye na kiwanja anaweza kupanda ndani ya debe au chungu, juu ya paa au penye roshani. Mshubiri, mkomamanga, haibiskasi, na mgomba vyatosha kwa mwanzo.

2. Atakaye kutumia maji ya sukari, na apime: sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4, yachemshwe, yapozwe. Asitie asali, kwa kuwa huchacha upesi na kuotesha uvundo uwezao kumwua ndege. Wala asitie rangi. Chombo kiwe na tundu dogo, na kijiti cha kutulia, kitundikwe kivulini. Katika joto letu maji yabadilishwe kila siku, na chombo kioshwe kwa maji ya moto. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku, afadhali asianze.

3. Chakula cha watu kisiachwe wazi. Kila kombo uani ni barua ya kumwita kunguru.

4. Dawa ya wadudu isinyunyizwe penye maua, na buibui wachache waachwe.

5. Kiota kitazamwe kwa mbali, wala kisiguswe. Watoto wenye manati wafundishwe mapema. Mtoto aliyekwisha kupewa daftari la kumwandika ndege, mara nyingi manati huisahau mwenyewe.

Na ninyi waalimu, wenye madarasa ya watoto wadogo, hamhitaji vyombo vya gharama kwa somo hili. Watoeni watoto nje nusu saa, kila mmoja achague ua moja, anyamaze, aandike nani aliyekuja. Wale wasioweza kuandika na wachore. Mkiweza kufika penye mikoko, waonyesheni ua la msinzi, kisha mrudipo mjini waambieni watazame juu darini.

Tulifundishwa tangu utoto kwamba tuwatazame ndege wa angani. Kwa miaka mingi neno hilo tulilisoma upesi, tukidhani limekwisha kufanyika mara tulipolisoma. Sasa twajua kwamba kutazama ni kazi, nayo yatangulia kulisha.